Kitanda Kisichotajwa Mbele ya Mkwe

Mimi ndiye niliyeozesha bunge na serikali. Wengine huozesha vijana wao tu. Mimi niliunganisha mihimili miwili ya dola mchana kweupe, chini ya hema la kukodi, maikrofoni mkononi, suti bado ikinuka duka. Watu walipiga makofi hadi migomba ya jirani ikaangusha majani. Nilichekesha wazee, nikachekesha kwaya, nikachekesha hata mpishi aliyekuwa anakata vitunguu, akashindwa kujua analia kwa lipi. Ningekuwa na zile akili nilizokuwa nazo darasani, ningeitupa maikrofoni mtoni nikaenda nyumbani kulala.

Darasani nilifika kwa kuchelewa. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mke, watoto na upara uliokwisha kutoa notisi. Yalikuwa masomo ya jioni katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Kisii. Tulikalia madawati ya watoto wadogo, magoti yakigusana na masikio. Kiswahili hiki unachokisoma nilikikamata huko. Nyumbani kwetu ni Ekegusii tangu jogoo awike mpaka kuku walale. Kiswahili kilikuwa lugha ya kumjibu polisi. Leo nakiandika kama mtu aliyezaliwa katikati ya kamusi, kati ya herufi K na L.

Niliketi dawati moja na jamaa mpana, mnunuzi wa maparachichi, mwenye mabega ya kujaza mlango. Mimi nilisoma miaka yote nikiwa nimekalia tako moja. Usiniambie elimu haina gharama.

Mwalimu wetu wa historia na serikali alikuwa mwanamke mfupi aliyechomeka chaki kwenye nywele. Siku ya kutufundisha mihimili ya dola aliingia na mawe matatu ndani ya kiondo, akayapanga sakafuni kama mafiga.

"Hili ni bunge," akasema. "Linatunga sheria, na linaiuliza serikali maswali. Hili ni serikali, inatekeleza na kujibu. Hili ni mahakama. Figa haliegemei figa. Yakigusana, kuni mtaingiza wapi?"

Jamaa wa dawati langu akainua mkono. "Na yakiachana sana, mwalimu?"

"Sufuria inaanguka, bwana. Wewe hujawahi kupika?"

Darasa zima likacheka. Yeye alicheka kuliko wote, dawati likanirusha chini.

Baadaye jamaa huyo akagombea, akawa mwakilishi wetu wa wadi katika bunge la kaunti, na huko wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya afya. Kaunti ni ipi, sitasema. Kisii na Nyamira ni watoto wa tumbo moja. Nusu ya ukoo wangu iko upande huu na nusu upande ule, na mimi hula pande zote mbili.

Nilikuwa nikienda kumsikiliza. Nilikaa kwenye viti vya wananchi nyuma ya chumba cha kamati, nikiwaambia walio karibu nami, hata wasioniuliza, kwamba mimi na mwenyekiti tulikuwa dawati moja. Naye alikuwa moto. Waziri wa afya wa kaunti, mzee mrefu mtulivu mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kujibu, aliifuta siku moja mpaka nikadhani vioo vitaisha.

"Mheshimiwa waziri," mwenyekiti akaunguruma, "kule kwetu kuna jengo la kujifungulia akina mama. Limepakwa rangi, likapakwa tena, na hajazaliwa mtoto hata mmoja. Mnataka lizae rangi? Muuguzi yupo. Maji yapo. Kinachokosekana ni kitanda cha kuzalia. Kitanda! Kiko wapi?"

Waziri akaomba muda, arudi kikao kijacho na jibu. Nilipiga kofi moja, askari wa bunge akanitazama, nikajifanya naua mbu.

Jambo hilo halikuwa la mchezo kwetu. Dada yangu mdogo, kitinda mimba wa mama, ameolewa mkabala na zahanati yenye jengo hilo. Akitupa ganda la ndizi kwa nguvu linaangukia uani mwake. Lakini mtoto wake wa kwanza hakuzaliwa hapo, kwa kuwa jengo lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Alikimbizwa kwa bodaboda kuelekea hospitali kubwa, mvua ikaikata barabara, mvua yetu hii inayonyesha hata ndani ya kabati, na akajifungulia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Juu ya meza, kando ya mizani. Wakulima walimpa mgongo kwa heshima, magunia ya chai yakawa pazia. Mimi husimulia kwamba karani alichanganyikiwa akataka kumpima mtoto amwandikie risiti. Watu hucheka sana hapo. Dada yangu hajawahi kucheka.

Aliposhika mimba ya pili aliniita.

"Sizalii tena kwenye mizani," akasema.

"Utavuka barabara na patipati zako za nyumbani. Mwenyekiti ni mtu wa dawati langu."

"Unaniapia?"

"Naapa. Kitanda kinakuja. Hata ukitaka cha ghorofa."

Basi katikati ya hayo, kijana wa waziri na binti ya mwenyekiti, waliokuwa wamesoma chuo kimoja, wakawaambia wazazi wao kwamba wanapendana. Hapo hakuna kosa. Vijana wazuri, wanaendana kama obokima na chinsaga, ugali wa wimbi na ile mboga yetu chungu. Kilichohitajika ni mshenga. Kwetu anaitwa esigani: ndiye hubeba maneno kutoka boma moja hadi lingine, kwa kuwa wazazi wa pande mbili hawakabiliani ovyo. Nani alikuwa anajulikana pande zote, mwenye mdomo usiokauka? Wakanijia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Nikajiona mkubwa kuliko gavana.

Mke wangu alikuwa ananinyooshea suti asubuhi niliyokuwa naenda kwa waziri mara ya kwanza.

"Hawa wawili si ndio wanaoulizana maswali bungeni?" akauliza.

"Ndio hao."

"Na wakiwa wakwe wataulizana vipi?"

Mawe ya mwalimu yalinijia. Niseme ukweli, niliyaona kabisa, yale matatu sakafuni. Nikamjibu mke wangu, "Mapenzi hayana kamati." Msemo huo ulinifurahisha mno. Niliurudia siku ya harusi kwenye maikrofoni, meza kuu ikacheka mpaka kinyago cha mawe ya Tabaka, zawadi ya maharusi, kikaanguka kutoka mezani na kukatika pua.

Kwa asiye wa kwetu, lazima nieleze chinsoni. Ni taratibu za haya na heshima kati ya watu wasiopaswa kuzoeana: mzazi na mtoto wake aliyekua, na zaidi ya wote, wakwe. Baba wa bibi harusi na baba wa bwana harusi hawataniani. Hawakai wakigusana. Mmoja haingii chumba cha ndani cha mwenzake. Na hawatamki mbele ya kila mmoja mambo ya kiunoni kwenda chini, wala ya kuzaa, wala kitanda. Nyumba ya mkwe wako ikiungua, unaweza kumwita. Lakini kama moto ulianzia kitandani, utamwambia umeanzia upande wa ndani.

Baada ya harusi kikafika kile kikao ambacho waziri alikuwa aje na jibu. Niliwapeleka akina mama wa wadi yetu, dada yangu akiwa mbele, tumbo limetangulia kama spika anayeingia na fimbo yake. Tulijaza viti vya nyuma.

Mwenyekiti aliingia, akamwona omoko wake, yaani mkwe, ameketi pale chini kwenye kiti cha kujibia. Kiti cha mwenyekiti kiko juu ya jukwaa. Akakikalia ukingoni, nusu tako, kama mimi enzi za dawati. Kando yake alikuwa naibu wake, mwakilishi mteule, mama wa familia ya Kiislamu ya mjini iliyouza vitambaa Kisii tangu babu zake, mwenye ushungi na kalamu isiyotulia.

"Mheshimiwa waziri," mwenyekiti akaanza, akitazama dari, "tungependa kujua kuhusu lile... lile jengo."

"Jengo lipi, Mheshimiwa Mwenyekiti?" waziri akauliza, akitazama zulia.

"La upande wa akina mama."

"Naam. Lipo."

"Lina upungufu wa... wa vile vifaa vya..." Akatoa kitambaa, akajifuta uso, shingo, mpaka nyuma ya masikio. "Vya mvua. Mifereji. Mifereji ya paa."

Waziri akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mifereji tutaishughulikia mara moja."

Naibu akainamia kipaza sauti chake. "Mwenyekiti, nijuavyo mimi, swali tulilobakiza ni la kitanda cha kuzalia."

Chumba kikawa baridi. Wanaume walichunguza viatu vyao kana kwamba wamevinunua asubuhi hiyo.

"Naibu wangu, tafadhali," mwenyekiti akasema kwa sauti nyembamba ambayo sikujua anayo. "Tuko kwa mifereji."

Nyuma yetu mama mmoja akanong'ona, "Masikini. Atasemaje? Ni omoko wake."

Na sote tukatikisa vichwa. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Si yeye peke yake aliyekwama. Wanawake waliotoka nyumbani alfajiri kufuata kitanda walimhurumia, na mimi niliyefaulu mtihani wa historia na serikali kwa alama ya kujivunia nilitikisa kichwa kuliko wote. Nilifurahi hata. Nilijisemea: tazama watu wenye adabu!

Dada yangu hakutikisa kichwa. Alikuwa ananitazama mimi.

Mifereji ilikuja haraka ajabu. Mifereji ya kung'aa, ungesema ni ya uwanja wa ndege. Hata njiwa waliogopa kuikanyaga. Dada yangu alisimama kwenye mlango wake, mikono kiunoni.

"Sasa nizalie kwenye mfereji?"

"Taratibu, dada, serikali ni..."

"Serikali ni nini? Wewe si mshenga? Maneno ambayo hao wawili hawawezi kuambiana, si ni wewe hubeba?"

Kwa mila alikuwa sahihi kabisa. Jambo likikwama kati ya wakwe, mshenga hulipeleka. Kwa hiyo nikavaa ile suti tena, Jumapili, nikaenda nyumbani kwa waziri. Tukakaa barazani na chai ya maziwa mengi. Nilianza mbali. Nilisema kuna boma fulani upande wetu, lina ng'ombe aliye karibu kuzaa, zizi limejengwa zuri, lina mifereji, lakini halina majani ya kulalia. Waziri akafuta miwani.

"Ng'ombe huyo ni wa nani?"

"Wa mama yangu, mzee."

"Mwambie omoko wangu asihangaike."

Basi. Bila kikao, bila swali, bila mtu kutazama dari. Niliondoka nikipiga mluzi. Nilijiona nimeivumbua serikali upya: kumbe mambo ni rahisi hivi!

Kitanda kilifika kwa pikapu kabla ya wiki kuisha. Chuma kizuri, magurudumu, mahali pa kuwekea miguu. Nilikipokea mimi kwa hotuba, ingawa walionisikiliza walikuwa dereva, muuguzi na mbuzi. Muuguzi alikizunguka akikigusa hapa na pale.

"Kimetoka stoo?" akauliza.

"Kimetoka serikalini," nikasema.

Kwenye chuma cha pembeni palikuwa na kipande cha leso nyekundu kilichofungwa fundo kali, kimechakaa katikati kama kamba ya ndoo ya kisima. Nilikiona. Nikajiambia ni cha dereva, alifungia mzigo. Dereva alikuwa na kamba za katani pikapu nzima, lakini nilijiambia hivyo hivyo. Nilikifungua, nikakitia mfukoni, nikaendelea na hotuba.

Dada yangu alivuka barabara na patipati zake, kama nilivyoapa. Alijifungua msichana mwenye sauti yangu, masikini. Nilinunulia soda kila aliyepita. Kama gavana mwenyewe angepita ningemnunulia. Siku chache nilikuwa mtu mkubwa, nikipita watu wanasema, huyo ndiye aliyeleta kitanda, nami nakanusha kwa namna ya kukubali.

Halafu nikaitwa Ekerenyo, siku ya soko, kusherehesha ufunguzi wa duka la mabati. Soko lile hukusanya watu wa pande zote. Nilipomaliza kelele zangu nikasogea kununua ndizi kwa mama mmoja mtu mzima, kitambaa kichwani, mikungu imemzunguka pande zote kama walinzi.

"Wewe nakujua kwa sauti," akasema. "Si wewe wa kule kwenye mifereji inayong'aa?"

"Ndiyo, mama! Habari zetu zimefika mpaka huku?"

"Zimefika. Kitanda chetu kinawalaza vizuri?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Nikacheka, kwa kuwa mimi nikikosa la kusema hucheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba zahanati yao, ng'ambo ya bonde, ilikuwa na kitanda kimoja cha kuzalia. Siku moja ikaja pikapu, wakaambiwa kinapelekwa kutengenezwa, na wao wakashangaa, maana hakikuwa kimeharibika. Baada ya hapo mke wa mwanawe akashikwa na uchungu. Walimtandikia sakafuni turubai ya kuanikia mahindi. Muuguzi alipiga magoti mpaka yakachubuka.

"Na mama na mtoto?" nikauliza.

"Wako hai, Mungu yupo. Ila usiku na mchana ananiambia, mama, sikuwa na pa kushika. Unajua nilikuwa nimewafungia leso pale kwenye chuma, nyekundu, ya kuvutia mtu akisukuma. Nilizalishia binti zangu wote pale. Bado iko?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Suti ile ile. Sikuutoa.

"Iko," nikasema.

"Vizuri." Akachagua kichane kizuri, ndizi zimeiva sawasawa, akanitilia kwenye mfuko na kukataa malipo. "Mpelekee huyo wenu aliyezaa. Aongeze damu."

Nimebeba mizigo maishani. Nimebeba mawe, nimebeba maiti, nimebeba magunia ya mbolea mlimani kwenye matope. Kile kichane cha ndizi kilinivunja mgongo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa jamaa wa dawati langu. Nilimkuta kwenye ghala lake, bado huchagua maparachichi kwa mkono wake mwenyewe akitaka kufikiri. Nikamweleza yote: baraza la waziri, fumbo la ng'ombe, pikapu, turubai. Hakuinua macho.

"Ningefanyaje, mosani?" akasema. Rafiki, hivyo huniita akiwa na shida. "Niseme kitanda mbele ya omoko? Mke wangu angefunga virago. Binti yangu angetazama wapi?"

"Usiseme. Ondoka kitini. Sema yule ni mkwe wako, utoke nje, naibu aulize."

"Mbele ya watu wote niondoke?"

"Mwalimu alisemaje? Figa haliegemei figa."

"Mwalimu hakuwa na binti wa kuozesha." Akalibonyeza parachichi moja mpaka kidole kikazama. "Na wewe ulijua hayo tangu mwanzo. Kwa nini hukuniambia siku ulipokuja kula mbuzi wangu?"

 Mbuzi alikuwa mtamu, hilo ndilo jibu. Na kiti cha mbele, na maikrofoni, na kuitwa mshenga na wakubwa wawili. Nikalichukua parachichi lile lililobonyea, nikaanza kulifuta kwa shati langu. Hata wafanyakazi wake waligeuka kutazama.

Mwishowe akasema, "Sawa. Nitaondoka kitini. Lakini naibu atauliza kitanda chenu kilitoka wapi, na nani atajibu? Waziri hatajua. Dereva hatakumbuka. Aliyekiomba ni wewe." Akanitazama sasa. "Ukisema, kitarudi. Kufuli litarudi. Umewaambia watu wako?"

Nilimwambia mmoja tu, dada yangu, siku ile ile, ndizi zikiwa mezani. Alikuwa ananyonyesha. Nikatoa kile kipande cha leso. Akakishika, akakivuta mara mbili tatu kujaribu fundo, kama mtu anayejua kilifungiwa nini.

"Niliona chuma hakina pa kushika," akasema. "Nilishika mkono wa muuguzi, nikamwumiza."

 Heri angenitukana.

Siku ya kikao, mwenyekiti alisimama kabla hajaketi. "Kabla hatujaanza," akasema, na safari hii hakutazama dari, "waziri ni mkwe wangu. Kwa jambo la leo siwezi kukalia kiti hiki." Akateremka na kutoka nje. Alipompita waziri, wote wawili waliinamisha vichwa kidogo, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia: waziri alionekana amepumua.

Naibu akakikalia kiti chote, nyuma mpaka kwenye egemeo.

"Waziri, tuko kwa kitanda. Kitanda cha kuzalia. Kilichopo kwenye zahanati ile kilitoka wapi?"

Alilitamka mara mbili kama anayetaja sukari dukani. Nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akikohoa kwa aibu. Waziri akasema atafuatilia kwa maafisa wake. Naibu akauliza kama kuna mwananchi mwenye habari.

Mimi ambaye nimezungumza mbele ya maelfu, mbele ya maaskofu, mbele ya fahali waliotoroka kamba, nilisimama na sauti ikabaki kwenye kiti.

"Sauti, mzee," naibu akasema.

"Kilitoka kwa wenzetu ng'ambo ya bonde," nikasema. "Walikuwa na hicho kimoja tu. Mimi ndiye niliyekiomba, nyumbani kwa waziri, kwa fumbo. Si hapa. Kilipaswa kuombwa hapa."

Akina mama wa wadi yetu walikuwepo. Sikugeuka, lakini nilisikia viti vyao vikilia. Waziri alivua miwani, hakuifuta. Akanitazama, akasema neno moja tu, taratibu, "Mshenga." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekirudisha kitu alichoazimwa.

Kamati ikaagiza kitanda kirudi kilikotoka, na waziri alete jibu mbele yake, waziwazi, lini zahanati zote mbili zitakuwa na vitanda. Jibu hilo bado tunalingoja. Naibu huliuliza kila kikao, na mwenyekiti hutoka nje kila likifika, amezoea sasa, husimama kwenye ngazi akila njugu. Maharusi wako salama. Ndoa yao ndiyo kitu pekee katika habari hii ambacho sijakiharibu.

Kukirudisha kitanda nilijitolea mwenyewe. Nilikodi pikapu ya jirani, muuguzi akatusaidia kukisukuma, magurudumu yakilia kwenye sakafu ile safi. Watu walikuja kutazama, hakuna aliyesaidia. Langoni alisimama jirani yetu mmoja, msichana aliyeolewa juzi tu, mikono juu ya tumbo lake kubwa. Yeye na dada yangu walikuwa wamekwisha kupanga atakavyovuka barabara. Niliandaa la kumwambia, la kumtuliza, hata la kumchekesha. Nilipofika karibu naye nikapiga honi tu. Akatazama mifereji, akatazama kitanda, akasogea ili gari lipite.

Dada yangu alivuka na mtoto mgongoni. Akaikagua kamba niliyofunga, akaifungua, akafunga upya vizuri zaidi. Kisha akachukua ile leso nyekundu, akaifunga pale pale kwenye chuma cha pembeni, fundo lile lile kali.

"Mwambie yule mama," akasema, "waweke shuka nzito chini. Kile chuma kina baridi sana mgongoni."

"Nitamwambia."

"Na ukishamwambia, urudi moja kwa moja. Huyu," akaelekeza kidevu langoni kwa msichana wa tumbo, "siku zake ni wiki ijayo. Utalala na gari hili hapa kwangu, limejaa mafuta. Wewe mwenyewe kwenye usukani. Usiniletee mtu wa kukuwakilisha."